Mtu ni Afya, Afya ni Ukoo

Nimekuwa kimya kwa muda. Sikusafiri, sikuoa, wala sikuhama nchi. Nilikuwa mgonjwa. Kusema kweli sikujisikia kuumwa hata kidogo, ila nilipimwa na kipimo kikasema ninaumwa.

Ilikuwa hivi. Gazeti lilinituma kwenye zahanati moja mjini kuandika habari ya upimaji wa bure. Watu walikuwa hawajajaa, basi muuguzi mmoja akaniita: "Kaka mwandishi, njoo nikupime na wewe, usije ukaishia kuandika tu." Nikakaa, nikakunja mkono wa shati. Mashine ikakaza, ikalegea. Akaangalia, akapima tena. Akaniuliza kama nilikuwa nakimbia. Nikamwambia nimekuja na mwendokasi, nimesimama njia nzima. Akanionyesha namba: 158 kwa 102.

Nina miaka 27.

Nikapelekwa kwa daktari, mama wa makamo mwenye miwani. Akaniuliza kama navuta sigara. Hapana. Pombe? Kiasi (mwandishi gani atakwambia zaidi ya kiasi?). Nalala saa ngapi? Hapo nikacheka, yeye hakucheka. Nakula nini mchana? Chipsi. Usiku? Chipsi mayai. Kisha akauliza: "Kwenye ukoo wenu kuna mwenye presha? Kuna aliyepata kiharusi? Baba yuko hai?"

Baba alifariki mwaka 2016.

"Na nini?"

Alianguka.

"Alianguka kwa nini?"

Alianguka tu. Alfajiri, chooni. Na babu? Babu sikumkuta, ila nasikia naye alianguka.

Daktari akaweka kalamu mezani. "Wewe si ndiye unayewauliza mawaziri maswali kila siku? Kwenu hujawahi kuuliza?"

Sikuwa na jibu. Nimesoma chuo kikuu miaka mitatu, najua kwa nini Vita ya Maji Maji ilianza mwaka 1905, najua bei ya korosho, najua wabunge waliolala bungeni. Sijui babu yangu alikufa kwa nini.

Sasa niwaambie nilichokuwa nikidhani ni kujitunza. Wengi wetu wa rika hili tunavijua vile vitabu vya kujiendeleza vinavyopangwa chini kwenye vibaraza vya katikati ya mji, vingi ni nakala za kudurufu. Amka saa kumi na moja alfajiri. Kunywa maji ya uvuguvugu. Andika mambo matatu unayoyashukuru. Jitazame kwenye kioo ujiambie utafanikiwa. Mimi nilijaribu kwa siku nne. Siku ya tano nilitoka chumba cha habari saa sita usiku, na saa kumi na moja alfajiri ilipofika mimi na kitanda tulikuwa kitu kimoja. Sivikejeli vitabu hivyo, vina mambo mazuri. Lakini nilivyovisoma mimi, vyote vinamchukua msomaji kana kwamba ameanza kuishi jana, hana baba wala babu, hana mtaa aliotoka.

Na hata hili la kupanga siku kwa ajili ya afya si geni kwetu. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliandaa vipindi vya Redio Tanzania na vitabu vidogo, watu wakakaa kwenye vikundi, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kufanya: kuchimba vyoo, kufyeka majani karibu na nyumba, kuchemsha maji. Wahusika walikuwa watu kama milioni mbili. Hebu fikiria, milioni mbili, miaka ile, bila simu ya mkononi! Kampeni ile ililenga malaria, kichocho, safura, kuhara na kifua kikuu, maana hayo ndiyo yaliyokuwa yakiua watu wengi vijijini. Presha haikuwa kwenye orodha. Nitairudia habari hii.

Jumamosi iliyofuata nikaenda kwa bibi, mama yake baba. Anaishi Tandika na shangazi yangu, baada ya nyumba ya Kariakoo kuuzwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Leo umenikumbuka? Au huko kwa wake zako wadogo umefukuzwa?"

Nikamweleza habari ya kipimo. Utani ukaisha. Akaniangalia muda mrefu, akasema: "Nipeleke Kariakoo. Huku Tandika sikumbuki vizuri."

Tukachukua bajaji. Bibi ana miaka themanini na moja, anatembea kwa fimbo, lakini alipofika Msimbazi akawa kama msichana aliyerudi kwao. Ananiambia huu ni mtaa fulani, hapa palikuwa na muuza kahawa, pale palikuwa na mwarobaini. Mimi naona ghorofa, maduka ya simu, mabunda ya vitenge na vijana wa mikokoteni wanaopiga kelele tuwapishe.

Hapa lazima nisimame kidogo nieleze mahali penyewe, maana tunalitaja jina la Kariakoo kila siku bila kufikiria. Mwezi Septemba 1916 Waingereza waliuteka mji wa Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani. Vita ilikuwa ikiendelea kuelekea kusini, hakukuwa na barabara za magari, na wanyama wa mizigo walikufa kwa mbung'o. Mizigo ikabebwa na watu. Kikosi cha wapagazi kiliitwa Carrier Corps, na eneo hili likawa kambi yao. Ulimi wetu ukafanya kazi yake, jina likawa Kariakoo. Nairobi nako kuna Kariokor, asili ni ileile.

Wapagazi wale hawakufa sana kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa. Mtu aliyezoea ndizi au wali alipewa unga wa mahindi, mara nyingi haukuiva kwa sababu hapakuwa na muda wala sufuria ya kutosha, na tumbo likaharibika. Asubuhi anabeba tena mzigo wa kilo 25 hivi. Hesabu za Waingereza wenyewe zilikiri vifo zaidi ya 40,000 vya wapagazi wao, na wapo wanahistoria wanaoamini kuwa idadi halisi ilizidi 100,000. Pale Samora ipo Sanamu ya Askari iliyowekwa mwaka 1927, na maandishi yake yanawataja wapagazi pia. Lakini anayeonekana juu pale ameshika bunduki, hajabeba mzigo. Majina ya wengi wa waliobeba hayakuandikwa popote. Soko kubwa kuliko yote nchini limepewa jina la watu ambao miili yao ilitumika mpaka ikaisha, na vizazi vyao havikuambiwa wamekufa wapi wala kwa nini.

Baada ya vita Waingereza wakaendeleza mpango ulioanzia kwa Wajerumani wa kuugawa mji kwa rangi: Wazungu ufukweni, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo. Kati ya mji wa katikati na Kariakoo ukaachwa uwanja mtupu, ndio Mnazi Mmoja. Sababu waliyotoa ilikuwa ya afya, kwamba mbu na malaria ya Waafrika visiwafikie wengine. Kwa hiyo ukipita Mnazi Mmoja ukaona watu wamepumzika kwenye kivuli, ujue uwanja ule uliwekwa ili kuwalinda wengine dhidi ya babu zetu. Afya ya babu zetu wenyewe haikuwa hoja.

Basi tuendelee na bibi. Alisimama mbele ya ghorofa moja lenye maduka ya vifaa vya simu. "Hapa," akasema. "Baraza ilikuwa hapa. Ukiingia, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani kisima na choo." Nyumba za Kiswahili za aina hiyo ndizo zilizojaa Kariakoo yote zamani, sasa zimebaki za kuhesabu. Yeye aliingia pale mwaka 1961 akiwa bibi harusi wa miaka 17. Babu alikuwa na meza ya vitunguu sokoni, kwanza soko la zamani, kisha akapata nafasi Shimoni baada ya jengo jipya la Beda Amuli kufunguliwa na Mwalimu Nyerere mwezi Desemba 1975. Kuhusu ule moto wa Julai 2021 bibi alisema: "Nililia kama nimefiwa. Pale ndipo tuliposomeshea watoto."

Tukakaa kwenye duka la mama mmoja aliyetupa viti viwili na maji. Nikatoa daftari. Nikafanya kazi niliyosomea, ila safari hii nikauliza habari zetu.

Baba yake babu alikuwa kuli bandarini. Mgomo wa makuli wa mwaka 1947, uliosimamisha bandari na kusambaa mpaka bara, yeye alikuwemo. Alikufa mwaka 1959. "Sikumkuta," bibi akasema, "lakini mama mkwe alinisimulia. Alirudi kazini, akalalamika kichwa, akaanguka ukumbini. Mdomo ukaenda upande. Siku ya tatu akafa." Watu walisema nini? "Walisema amepigwa na shetani wa baharini."

Babu alikufa mwaka 1984, ana miaka kama 50. Alianguka uani alfajiri, mkono na mguu wa kulia havikusogea tena. Alikaa kitandani wiki mbili. Watu walisema nini? Bibi akasita. "Walisema mkono wa mtu." Mtu gani? Akavuta mtandio. "Babu yako mdogo. Mdogo wake. Walikuwa wakigombana juu ya ile meza ya Shimoni. Mganga akasema adui yumo ndani ya nyumba, naye anapata faida. Tukajua ni nani."

Baada ya arobaini yule babu mdogo alihamia Mbagala na mkewe na watoto wake. Hatukuzikana, hatukuozana. Mimi nimekua nikiambiwa tu kwamba "watu wa Mbagala" si wa kusalimiana nao. Sikujua ni damu yangu.

Nikauliza: "Na yeye babu mdogo yuko wapi sasa?"

"Alikufa. Mwaka 1991."

"Na nini?"

Bibi alinyamaza muda mrefu. Kijana wa mkokoteni alipita, akapita mwingine. "Alianguka," akasema.

"Sasa yeye alirogwa na nani, bibi?"

Hakunijibu. Alifunga mtandio wake upya, akaomba tuondoke.

Usiku ule niliyapanga kwenye daftari. Mwaka 1959, 1984, 1991, 2016. Wanaume wanne, vizazi vitatu, wote hawakufika miaka 60. Kichwa, kuanguka, upande mmoja wa mwili. Mtu asiye daktari angeweza kuliona, kama tu angeyaweka mahali pamoja. Hakuna aliyewahi kuyaweka mahali pamoja.

Baadaye nilikuja kujua kuwa nilichokifanya kina jina lake katika utafiti. Kuanzia mwaka 1992 kulikuwa na mradi mkubwa wa kufuatilia vifo vya watu wazima Dar es Salaam, Hai na Morogoro. Watu wengi walikuwa wakifia nyumbani bila cheti cha daktari, kwa hiyo wahojaji walikwenda kwa wafiwa wakiuliza: alianza kuumwa lini, aliumwa wapi, alianguka, alipooza upande gani? Kwa majibu hayo madaktari waliweza kukadiria sababu ya kifo. Kwa kutumia mitandao hiyohiyo, kati ya Juni 2003 na Juni 2006 watafiti waliongozwa na Richard Walker walihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi Hai na katika sehemu ya Dar es Salaam. Matokeo yalitoka mwaka 2010 kwenye jarida la Lancet Neurology. Ukishasawazisha tofauti za umri, Hai ilikuwa na watu takriban 109 kwa kila 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam takriban 316. Karibu mara tatu. Kwa hiyo mji huu una idadi kubwa sana ya watu "walioanguka tu", na nyuma ya wengi wao kuna presha ambayo haikupimwa. Najiuliza ni koo ngapi zimegawanyika kwa sababu hiyo kama wetu.

Siwacheki wazee wangu. Mwaka 1984 nani Kariakoo alikuwa na mashine ya presha nyumbani? Presha haina kikohozi wala homa. Hata Mtu ni Afya, pamoja na uzuri wake, haikuwahi kuwaambia. Bibi anaikumbuka vizuri sana kampeni ile, walikuwa wakisikiliza redio uani na majirani, na kisima chao walikifunika kwa sababu yake. "Tulifanya kila walichosema," aliniambia. Mtu akiambiwa sababu anaifuata. Asipoambiwa anaitafuta, na aliye karibu zaidi ni ndugu yake.

Lakini kuna kitu kingine kilichotuangusha: hatukuandika. Hapohapo Kariakoo kuna familia iliyofanya tofauti. Kleist Sykes alizaliwa mwaka 1894, baba yake Mzulu kutoka Msumbiji aliyeletwa na jeshi la Wissmann. Kleist alipigana upande wa Wajerumani katika vita ileile ya wapagazi, baadaye akafanya kazi reli, na mwaka 1929 akawa miongoni mwa waasisi wa African Association. Kabla hajafa mwaka 1949 aliandika habari za maisha yake. Mtoto wake, Abdulwahid, akawa mkuu wa soko la Kariakoo na mmoja wa waliokuwa mstari wa mbele TANU ilipoundwa tarehe 7 Julai 1954. Miaka ya 1960 mjukuu, Daisy Sykes, akiwa mwanafunzi wa historia chuo kikuu hapa Dar es Salaam, akaichukua kumbukumbu ile ya babu yake na kuitumia kuandika maisha yake. Makala hiyo ikaingia katika kitabu cha John Iliffe kilichotoka mwaka 1973. Leo mtu yeyote anayetaka kujua Mwafrika wa mjini aliishije zama za Wajerumani na Waingereza lazima aipitie. Mzee mmoja aliandika mambo yake, mjukuu akayahifadhi, na taifa zima likapata historia.

Babu yangu alijua hesabu ya vitunguu vya miaka ishirini, lakini hakuna ukurasa mmoja. Simlaumu. Naeleza tu hasara yenyewe.

Na hasara yenyewe nilikuja kuiona vizuri wiki mbili baadaye. Bibi alinipigia mwenyewe. "Nipeleke Mbagala." Shangazi alikataa, akasema mambo yaliyolala yaachwe yalale. Bibi akamjibu: "Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeficha vya kutosha."

Tulimkuta mtoto wa yule babu mdogo, ambaye kwangu mimi ni baba. Ana miaka 63, fundi cherehani. Aliinuka, akamwamkia bibi kwa kupiga magoti, kana kwamba walionana jana. Hatukuongea habari za mganga. Chai ikaja, mihogo ikaja. Nikaeleza kuhusu presha yangu. Akacheka kidogo, akaingia ndani, akatoka na mfuko wa plastiki. Umejaa vidonge. "Mimi niligundulika mwaka 2007," akasema. "Daktari akaniambia hii ni ya ukoo, waambie ndugu zako wote wakapime." Akautazama ule mfuko. "Nikawaza, nitawaambiaje? Watasema nimekuja kuwaroga tena."

Mwaka 2007 baba yangu alikuwa na miaka 42. Alikuwa na miaka tisa mbele yake. Dawa ile ile anayokunywa mzee wa Mbagala ndiyo niliyoandikiwa mimi, bei yake kwa mwezi haifiki bei ya chipsi zangu za wiki.

Bibi alilia pale. Wa Mbagala naye alilia. Mimi nilitoka nje nikajifanya napokea simu.

Sasa ratiba yangu ni hii, na msiiite ya kishujaa. Naamka saa kumi na mbili, si kumi na moja. Nameza kidonge. Natembea kwa miguu kutoka ninapokaa mpaka kituoni, dakika thelathini. Mchana nakula wali maharage kwa mama ntilie, chumvi ya mezani nimeiacha. Habari ikinishinda mpaka saa tatu usiku, namwambia mhariri itatoka kesho, na kumbe gazeti halifi. Vinywaji vya kuongeza nguvu nimeviaga. Kila Jumapili napima presha na kuandika namba. Jumapili iliyopita ilikuwa 134 kwa 86.

Na Jumamosi moja kila mwezi nakwenda kwa mzee mmoja wa ukoo na daftari. Mambo matatu ya kushukuru sijaanza kuyaandika, lakini nimeshapata majina ya watu 41, wengine nilikuwa sijawahi kuwasikia. Mbele ya kila jina naandika alizaliwa lini au karibu na tukio gani, alifanya kazi gani, aliishi mtaa gani, alikufa na nini. Palipoandikwa "alianguka", nauliza zaidi.

Wewe unayesoma hapa, bibi yako yupo? Mama mkubwa yupo? Basi wiki hii mpelekee sukari kilo moja na uwe na kalamu mfukoni. Usianze na maswali ya vifo, anza na harusi yake. Atafika mwenyewe. Na ukitoka hapo kapime.

Bibi amesema nimpeleke tena Kariakoo mwezi ujao. Kuna mtaa mmoja hajanionyesha.